Geti kali chini ya Mlima Meru: Mambo ya kujua kabla ya kumpangishia, kumuuzia au kumfanyia kazi mgeni Arusha

Ukitoka Arusha mjini kuelekea Moshi, ukishaipita Tengeru, unaanza kuona kuta ndefu zenye nyaya za umeme juu, mageti yenye walinzi na mabango ya nyumba zenye "mandhari ya milima miwili". Siku isiyo na mawingu, Meru iko upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Ndani ya kuta hizo wanaishi Wazungu, Wahindi, Wakenya na wengine waliokuja kwa kazi, biashara au kupumzika uzeeni. Mtaani tunasema wanaishi "geti kali".

Wengi wetu tunayajua maisha haya tukiwa upande wa nje wa geti. Wewe ni dalali, fundi, dada wa kazi, mlinzi, mwenye nyumba, au una mwenzi mgeni anayekwambia "tutafute kiwanja tujenge". Hapo kwenye kiwanja ndipo watu wanapolizwa, wageni kwa wenyeji. Sheria ya ardhi ya Tanzania ni kali kuliko geti lenyewe.

Haya hapa mambo ya msingi.

Kwa nini Arusha?

Hali ya hewa ni sababu ya kwanza. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, chini ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Joto la Dar es Salaam huku hakuna, na Juni hadi Agosti hata mwenyeji anatafuta sweta.

Sababu ya pili ni kazi. Ukumbi wa AICC ulijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyovunjika 1977. Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na makao makuu yake yako hapa hapa. Kuanzia 1995 mji ulipokea Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, ambayo ilifungwa mwishoni mwa 2015. Kazi zake zilizobaki zilichukuliwa na chombo kingine cha Umoja wa Mataifa kilichoko Lakilaki. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo imekuwa hapa tangu 2007.

Majaji, mawakili, wakalimani na familia zao walihitaji pa kuishi kwa miaka ishirini hivi. Nyumba nyingi kubwa za Njiro, Sakina na Ilboru zilipata soko kwa watu wa aina hiyo. Ongeza utalii wa Serengeti, Ngorongoro na Tarangire, na utaelewa kwa nini Chuga ina wageni wengi kuliko ukubwa wake.

Ushuani ni wapi?

Uzunguni: eneo la zamani karibu na katikati ya mji, lenye miti mikubwa na viwanja vipana. Jina lenyewe linakueleza nani aliishi pale enzi za ukoloni.

Njiro, Sakina, Ilboru na Moivaro: nyumba zinazojitegemea, kila moja na geti lake. Huku mgeni na mwenyeji ni majirani, na duka la Mangi liko umbali wa kutembea.

Burka na Kisongo: upande wa barabara ya Dodoma, karibu na mashamba ya kahawa na uwanja mdogo wa ndege wa Arusha.

Usa River na Maji ya Chai: huku ndiko kwenye mradi unaofanana zaidi na zile estate za kitajiri za visiwa vya Karibea, yaani Kilimanjaro Golf & Wildlife Estate, wengi wanaiita Kili Golf. Una uwanja wa gofu wa mashimo 18, nyumba zimezunguka nyasi, na wanyamapori wanakatiza humo humo. Kutoka mjini ni zaidi ya kilomita 20. Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru imepunguza foleni sehemu kubwa ya safari hiyo.

Tofauti na Karibea ni kwamba hapa estate ya aina hiyo ni chache sana. Mgeni wa kawaida wa Arusha hapangi gofu, anapanga nyumba ya Mtanzania huko Njiro. Kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kuwa wewe au shangazi yako.

Je, mgeni anaweza kununua ardhi?

Jibu fupi ni hapana.

Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inasema asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Na hata hapo, hati inabaki kwa mamlaka ya uwekezaji, naye anapewa haki inayotokana na hati hiyo kwa muda maalumu. Zamani mamlaka hiyo ilikuwa TIC. Mwaka 2025 iliunganishwa na EPZA ikawa TISEZA. Muda ukiisha, ardhi inarudi.

Mambo manne ambayo watu wanakosea hapa:

1. "Nitafungua kampuni." Kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za wageni nayo inahesabika kuwa si raia.

2. "Mimi ni Mkenya, ni Afrika Mashariki moja." Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2010 iliacha suala la ardhi chini ya sheria za kila nchi. Kwenye ardhi ya Tanzania, Mkenya na Mganda ni wageni kama Mjerumani.

3. "Nimenunua kijijini, mwenyekiti amesaini." Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Namba 5 ya 1999, na mgeni hawezi kuimiliki. Muhuri wa mwenyekiti haubadilishi kitu.

4. "Tumeandika jina la mwenzangu." Hili ndilo linaloumiza wengi. Mgeni anatoa hela, hati inaandikwa jina la mke, mume au mchumba Mtanzania. Mapenzi yakiisha, mwenye jina kwenye hati ndiye mwenye ardhi mbele ya sheria, na mgeni anabaki na risiti. Ila usidhani mwenyeji yuko salama: anaweza kuburuzwa mahakamani miaka kadhaa kwa madai ya fedha za ujenzi, huku nyumba ikiwa na zuio na hawezi kuiuza wala kuipangisha.

Kwenye miradi mikubwa, mara nyingi anachonunua mgeni ni haki ya kukaa kwa miaka mingi chini ya hati ya mwekezaji. Zanzibar ni habari nyingine. Ina sheria zake za ardhi, na huko mgeni anaweza kununua nyumba ndani ya miradi iliyoidhinishwa kama Fumba Town. Asikudanganye mtu kuwa utaratibu wa Fumba unatumika Usa River.

Pango: dola au shilingi?

Kwa miaka mingi nyumba za ushuani Arusha zilitangazwa kwa dola. Kanuni zilizoanza kutumika 28 Machi 2025 zimepiga marufuku kutaja bei na kufanya malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Kwa hiyo tangazo la "dola elfu moja kwa mwezi" mtandaoni ni kosa, hata kama mpangaji mwenyewe analipwa kwa dola.

Weka mkataba kwa shilingi na kwa maandishi. Andika nani analipa maji, Luku, mlinzi na mtunza bustani, na nani anatengeneza pampu ikiharibika. Ugomvi mwingi wa mpangaji mgeni na mwenye nyumba unaanzia kwenye pampu na tanki, kodi inafuata baadaye.

Mgeni kuwa dalali hairuhusiwi tena. Amri ya serikali ya Julai 2025 ilitaja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya, na udalali wa nyumba umo, pamoja na kuongoza watalii, saluni na kufanya usafi wa majumbani na maofisini. Kwa dalali wa Njiro hii ni nafuu, maana kulikuwa na wageni waliokuwa wakitafutiana nyumba wenyewe kwa wenyewe na kula kamisheni.

Karatasi za mgeni

Kibali cha ukaazi kina madaraja matatu makuu. Daraja A ni la wawekezaji na wafanyabiashara. Daraja B ni la walioajiriwa. Daraja C ni la wengine, kama wanafunzi, watafiti, wanaojitolea na wastaafu.

Kibali cha ukaazi siyo kibali cha kazi. Cha kazi kinatoka upande wa Kazi, chini ya sheria ya 2015, nacho kwa mwajiriwa wa kawaida kina ukomo wa muda hata kikiongezwa. Watumishi wa Jumuiya, mahakama za kimataifa na Umoja wa Mataifa wana utaratibu wao kupitia Wizara ya Mambo ya Nje.

Mwenye nyumba, omba nakala ya pasipoti na kibali kabla ya kutoa funguo. Mpangaji mwenye viza ya utalii anayetaka mkataba wa mwaka mzima ni wa kumuuliza maswali.

Ukiajiriwa ndani ya geti

Dada wa kazi, mpishi, dereva, mtunza bustani: sheria ya kazi inakulinda hata kama bosi ni mgeni. Amri ya mishahara ya 2022 iliwagawa wafanyakazi wa majumbani katika ngazi. Walioajiriwa na wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa waliwekewa kima cha chini cha Sh250,000 kwa mwezi, wakati ngazi ya chini kabisa ilikuwa Sh60,000. Amri mpya ya 2025 imepandisha viwango vya sekta binafsi kuanzia 1 Januari 2026, hivyo ulizia kiwango cha sasa ofisi ya kazi.

Dai mkataba wa maandishi, likizo na NSSF. Wageni wengi hukaa miaka miwili mitatu kisha wanaondoka. Bosi akikupa barua nzuri, friji na shukrani, pokea. Lakini michango ya NSSF ndiyo itakayokuwepo ndege ikishapaa KIA.

Maji: geti halizuii madini

Hili linawagusa wote, wa ndani na wa nje. Miamba ya volkano ya Meru inatoa floraidi nyingi kwenye chemchemi na visima vya maeneo mengi ya hapa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Vyanzo kadhaa vya ukanda huu vinazidi hapo, na ndiyo maana ya meno ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia hapa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, inaathiri hata mifupa.

Kuchemsha kunaua vijidudu, ila floraidi haitoki. Maji yakipungua kwenye sufuria, inazidi kukolea. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa kuchuja floraidi, na ni njia inayofanya kazi kama mkaa unabadilishwa kwa wakati.

Mgeni wa geti kali hununua maji ya chupa kubwa au hufunga mtambo wa kuchuja. Jirani yake nje ya ukuta anachota kisimani. Watoto wenye meno yanayoota ndio wanaoathirika zaidi, na hapo ukuta unatenganisha kweli.

Kumbukumbu ya ardhi haijafutika

Kabla hujashangaa kwa nini mzee wa Kimeru anauliza maswali mengi akisikia neno "mwekezaji", kumbuka 1951. Mwaka huo serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa nafasi walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Wameru walichangishana fedha wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, na 1952 akasimama Umoja wa Mataifa kueleza kilichotokea. Miaka miwili baadaye TANU ilizaliwa, na kisa cha Meru kilikuwa tayari midomoni mwa watu.

Siyo kila mgeni wa Meru alikuja kuchukua. Tengeru yalibaki makaburi ya wakimbizi wa Poland waliohifadhiwa pale kuanzia 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Walikuja bila kitu, na wenyeji wanawakumbuka bila kinyongo. Watu wa hapa wanachouliza ni masharti ya kuingia: nani alikubali, kwa hati gani, na nani atapata maji.

Kwa kifupi

Unapangisha? Mkataba kwa shilingi, nakala ya kibali, na maandishi kuhusu maji na umeme.

Unauza kiwanja na mnunuzi ni mgeni? Simama. Nenda ofisi ya ardhi na kwa wakili kabla ya kupokea hata senti.

Mwenzi wako ni mgeni na mnataka kujenga? Wekeni makubaliano ya fedha kwa maandishi, mbele ya wakili, mkiwa bado mnapendana.

Unafanya kazi ndani ya geti? Mkataba, NSSF, na kiwango kipya cha mshahara.

Na wewe uliye ndani ya geti unayesoma hapa ukijifunza Kiswahili: karibu Arusha. Msalimie mlinzi wako kwa jina lake, pima maji yako, na ukiambiwa kuna kiwanja cha bei chee kijijini "kwa jina la rafiki", sema asante, endelea kupanga.