Baraza la Parokia: Wazee wa Kanisa Katika Nchi ya Beni na Butembo



Leo twataka kutazama kazi moja ya Kanisa isiyo na kengele wala mavazi ya sherehe, nayo ni kazi ya Baraza la Parokia. Wakristu wengi huwaona wazee wa Baraza siku ya sikukuu tu, wameketi katika mabenchi ya mbele, wakadhani kuwa kuketi huko ndiyo kazi yenyewe. Sivyo. Kazi ya Baraza hufanyika siku za juma, kwa miguu, kwa daftari na kwa uvumilivu. Ili tuifahamu vema, yafaa kwanza tujue ilikotoka.

Shauri ni jambo la kale

Musa alipowaongoza Waisraeli jangwani, aliketi tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu wote. Mkwewe Yethro alimwona akielemewa, akamshauri achague watu wenye kumcha Mungu na kuchukia rushwa, wabebe mzigo pamoja naye. Musa alikuwa nabii mkuu, lakini hakuona haya kushauriwa.

Katika Matendo ya Mitume twasoma jambo linalofanana na hilo. Kule Yerusalemu wajane wa Wakristu waliosema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume waliwakusanya wanafunzi, wakachaguliwa watu 7, Stefano akiwa mmoja wao. Tuangalie sana neno hili: shauri lile lilianzia kwenye chakula cha wajane. Mitume hawakulidharau jambo la sahani, kwa sababu mjane aliyesahauliwa ni jeraha katika mwili wa Kanisa.

Wazee wetu Wanande nao walijua kushauriana. Kijijini palikuwa na kyaghanda, nyumba ya wanaume penye moto. Hapo wazee waliketi, ugomvi ulipatanishwa, na vijana walisikiliza wakajifunza. Injili haikukuta watu wasiojua maana ya shauri. Lakini Injili iliupanua mlango. Katika shauri la Wakristu anaingia pia mama, anaingia mjane, anaingia mgeni aliyehamia jana, kwa kuwa wote wamezaliwa kwa maji yale yale ya Ubatizo.

Siku za makatekista

Mwaka 1906 mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu walianzisha misioni ya Beni. Mwaka 1929 wakafika mapadri Waasunsionisti kuishika kazi ya Injili katika nchi hii. Mwaka 1934 Roma iliifanya Beni kuwa misioni ya pekee, na mwaka 1938 ikawa Vikariati ya kitume chini ya Monsinyori Henri Piérard, aliyeiongoza hata mwaka 1966.

Mapadri walikuwa wachache, na nchi ni pana. Huku kuna milima ya Mitumba, kule bonde la Semliki na miguu ya Ruwenzori, na upande wa magharibi msitu mkubwa. Padri alipotoka misioni kwenda kuwazungukia Wakristu, kapela nyingi zilimwona mara chache tu katika mwaka. Basi ni nani aliyewakusanya watu siku ya Dominika? Ni nani aliyewafundisha wakatekumeni, aliyembatiza mtoto mahututi, aliyemtuma mtu usiku kumwita padri kwa ajili ya mgonjwa? Ni katekista. Wala katekista hakuwa peke yake. Pembeni mwake walisimama wazee wa Kikristu na mama waaminifu. Walimwambia padri nani yu tayari kubatizwa, nani ameacha sala, nani amefiwa, nyumba gani haina chakula. Hakuna aliyewaita Baraza, lakini kazi ya Baraza walikuwa wakiifanya.

Mwaka 1964 uasi wa Simba uliutikisa upande wa mashariki wa Kongo. Ndio mwaka ule Mwenye heri Anuarite aliuawa kule Isiro. Misioni nyingi zilibaki bila padri. Siku hizo zilitufundisha kwamba parokia isiyo na walei wenye kuijua na kuipenda ni kama nyumba ya nguzo moja. Nguzo ikitikisika, nyumba yote yaanguka.

Mtaguso na shirika

Mwaka 1959 Vikariati ya Beni ikawa Jimbo. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya hai za Kikristu, yaani majirani wanaosali pamoja na kusaidiana. Huku kwetu jumuiya hiyo yaitwa shirika. Kisha ukaja Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano, uliofunguliwa mwaka 1962 na kufungwa mwaka 1965. Katika agizo lake juu ya utume wa walei, la tarehe 18 Novemba 1965, Mtaguso ulitaka yawepo mabaraza katika majimbo na, kadiri iwezekanavyo, hata katika parokia, ili mapadri, watawa na walei washirikiane katika utume.

Mwaka 1966 Monsinyori Emmanuel Kataliko, mwana wa nchi hii, akawa askofu wetu, na mwaka 1967 Jimbo likapewa jina la Butembo-Beni. Aliliongoza miaka 31, hata alipofanywa Askofu Mkuu wa Bukavu mwaka 1997. Aliwahimiza watu wasingoje serikali, bali watengeneze barabara zao na kujenga shule zao. Kazi kama hizo hazifanyiki bila watu kuketi na kupatana: nani atatoa jembe, nani atapika, nani atatunza hesabu.

Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ya Zaire iliamua kuzitwaa shule za Kanisa, na mafundisho ya dini yakaondolewa madarasani. Shule zilirudishwa kwa mapatano ya mwaka 1977. Katika miaka ile mafundisho ya watoto yalibaki mikononi mwa wazazi, makatekista na mashirika. Ndipo wengi walipofahamu kwamba kazi ya walei si msaada wa ziada unaotolewa padri apendapo.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imeweka mambo haya wazi. Kanuni ya 536 yasema juu ya baraza la kichungaji la parokia: paroko ndiye mkuu wake, nalo lina kazi ya kutoa shauri. Kanuni ya 537 yadai kila parokia iwe na baraza la mali, ili walei wamsaidie paroko kutunza vitu vya parokia. Na katika Sinodi iliyokwisha Roma mwezi wa Oktoba 2024, iliombwa kwamba mabaraza ya namna hii yawe ya lazima.

Kazi ya kila siku

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Habari hupanda kutoka shirika hadi kapela, na kutoka kapela hadi parokia. Kisha shauri hushuka kwa njia ile ile. Mzee wa Baraza asiyehudhuria sala ya shirika lake ni mtungi usiofika kisimani. Atamletea paroko maji gani?

Mzee wa Baraza hushuhudia mwenendo wa wakatekumeni. Vijana wakitaka kufunga ndoa takatifu, naye huulizwa kama kuna kizuizi. Huwatembelea wagonjwa, na kuangalia kwamba maiti ya maskini inazikwa kwa heshima sawa na maiti ya tajiri. Hupatanisha majirani waliogombana, lakini hachukui kazi ya mwami wala ya mahakama. Mpaka wa shamba una waamuzi wake. Baraza hushughulika na mioyo, ili waliogombania mpaka waweze tena kupeana amani katika Misa.

Kuna pia kazi ya daftari. Matoleo huhesabiwa na watu wawili au watatu pamoja, si mmoja. Kiasi huandikwa siku ile ile, kisha husomwa mbele ya Wakristu. Katika nchi yetu sadaka si fedha tu; yaweza kuwa maharagwe, viazi, mafungu ya ndizi, au sehemu ya mavuno ya kahawa na kakao. Hayo nayo yaandikwe. Yule mama aliyeshuka mlimani na kikapu kichwani ana haki ya kujua kikapu chake kilikwenda wapi.

Tuchukue mfano mmoja. Bati za kapela zimetoboka, na Wakristu wamechanga kwa mwaka mzima ili kuziondoa na kuweka mpya. Kabla ya kazi kuanza, zafika familia zilizokimbia mauaji upande wa Oicha. Wamelala katika madarasa, watoto hawana blanketi. Baraza laketi. Mmoja asema, fedha zilitolewa kwa ajili ya nyumba ya Mungu, nasi hatuwezi kuzigeuza bila wenye kuzitoa kujua. Mwingine asema, mvua ya kapela yaweza kungoja, mvua ya mtoto haingoji. Mama mmoja asema, tuhesabu kwanza ni wangapi, na ni nyumba ngapi zaweza kupokea watu. Wote watatu wamesema kweli. Paroko asikiliza, auliza, kisha aamua, na Dominika hiyo hiyo Wakristu waelezwa sababu. Kama fedha za bati zanunua blanketi, na ijulikane. Hapo hakuna atakayesema ameibiwa sadaka yake, na huenda wengi wakaongeza.

Mfano huu si hadithi ya mbali kwetu. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 mauaji katika nchi ya Beni yamewafukuza watu wengi katika mashamba na nyumba zao. Parokia nyingi zimepokea wakimbizi kabla ya msaada mwingine wo wote kufika.

Ugonjwa wa Ebola nao ulitupima. Ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya kuonekana Mangina, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Uliwapata watu 3,470 katika Kivu ya Kaskazini na sehemu za jirani, na 2,287 kati yao walikufa. Ndoo za maji ziliwekwa milangoni pa makanisa, na Wakristu wakaacha kushikana mikono katika kupeana amani. Jambo zito lilikuwa maziko: kumwambia mtu asimguse mama yake aliyekufa. Uvumi ulikuwa mwingi, na wengi hawakuwaamini wageni waliokuja na magari. Katika shida kama hiyo neno la jirani unayemjua, aliyekusaidia kumzika baba yako miaka iliyopita, lina nguvu kuliko tangazo. Lakini uaminifu huo haununuliwi siku ya hatari. Huwekwa akiba kidogo kidogo, kwa kutembelea, kwa kupatanisha, kwa kusoma hesabu mbele ya watu.

Mambo yanayoharibu Baraza

Yatupasa kusema kweli. Baraza laweza kuoza. Laoza likiwa kiti cha matajiri, ambapo mwenye duka husikilizwa na mkulima hunyamazishwa. Laoza wazee wakikaa miaka bila mwisho, hata kijana akadhani Kanisa si lake. Laoza siri za nyumba za watu zikitoka katika kikao na kufika sokoni. Laoza daftari likifungwa.

Tena kuna makosa mawili yanayopingana. Kosa la kwanza ni la wazee wanaotaka kumtawala paroko kama mtumishi wao, wakisahau kwamba kazi yao ni kutoa shauri. Kosa la pili ni la kuwaita watu washauri jambo lililokwisha amuliwa. Shauri la namna hiyo ni kumwita mgeni mezani baada ya kuosha sahani. Sheria haimlazimishi paroko kufuata kila neno la Baraza, lakini dhamiri yamlazimu kusikiliza kwa kweli. Na wazee nao yawapasa kusema kwa kweli, si kumpendeza.

Wasikilizaji wapenzi, juma hili katika kila shirika tuulize jambo moja: ni nani kati yetu amesahauliwa, kama wale wajane wa Yerusalemu? Jina lake na lipelekwe katika Baraza.

Maulizo

Baraza la Parokia ni nini?
Ni kusanyiko la Wakristu waliochaguliwa kumshauri paroko na kufanya naye kazi ya kulichunga kundi la Mungu.

Nani mkuu wa Baraza?
Paroko ndiye mkuu wake. Naye yampasa kusikiliza shauri kabla ya kuamua.

Kwa nini hesabu za matoleo husomwa mbele ya Wakristu?
Kwa sababu matoleo ni sadaka ya wote, na ukweli hulinda amani ya parokia.

Nani aweza kuwa katika Baraza?
Mkristu mwaminifu, mwanamume au mwanamke, mzee au kijana, maskini au tajiri, mwenye kusali na shirika lake na kutunza siri.