Mkono Mmoja Haulei Mwana: Historia ya Wanawake Wanaojitolea Kulea Visiwani Kwetu



Mara nyingi hapa tunazungumza hina, udi na mavazi ya harusi. Leo tuzungumze yanayokuja baada ya harusi: watoto. Na si wa kwetu tu, bali hata wa wenzetu. Karibu kila shehia ina mwanamke anayekaa na watoto wadogo wa watu asubuhi nzima, kwenye banda au ukumbi wa jamii, kwa malipo kidogo au bila malipo yoyote. Kazi hii ina historia, na sisi wanawake wa Kiislamu tuna haki ya kuijua.

Tuanze na Bwana Mtume

Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alilelewa na mikono mingi. Wanawake wa Bani Saad walipofika Makka kutafuta watoto wa kunyonyesha, walisita kumchukua yatima, maana zawadi ya mlezi ilitegemewa kwa baba. Bi Halima Saadia hakutaka kurudi mikono mitupu, akamchukua, na kheri ikaingia nyumbani kwake. Mama yake Mtume, Bi Amina, alipofariki Abwaa naye ana miaka sita, ni Bi Ummu Ayman aliyemrudisha Makka na kuendelea kumlea. Alipokua alimheshimu bibi huyu kama mama.

Dini yetu haikuuchukulia ulezi kama kitu cha bure. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, wazazi wanaotaka mtoto wao anyonyeshwe na mwingine wanaagizwa watoe walichokubaliana kwa wema. Tuliweke hilo akilini, tutalirudia.

Uani, chuoni na pwani

Kwetu visiwani, zamani mtoto hakuwa na mlezi mmoja. Mama akienda shamba au kisimani, mtoto yuko na bibi, shangazi au jirani wa ukuta mmoja. Akianza kutamka vizuri anapelekwa chuoni. Mwalimu anamsomesha alifu na anamtazama asipotee njiani, na wazazi wanatoa walichojaaliwa.

Mambo yakaanza kubadilika. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza mashariki ya Unguja, huko Paje na Jambiani, na wakulima wengi wakawa wanawake. Mwani hushughulikiwa maji yakipwa, hasa siku za bamvua, na bahari haimsubiri mtu. Bibi naye yumo majini anafunga mwani wake, shangazi kadhalika. Mtoto wa miaka mitatu abaki na nani?

Madrasa za watoto wadogo

Jibu moja lilitoka Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya waliona watoto wao wanabaki nyuma skuli, wakaomba msaada kwa Aga Khan. Mwaka 1986 kazi ikaanza, ikiongozwa na mwalimu mwanamke, Bi Swafiya Said. Wazo lake lilikuwa jepesi na la busara: mtoto ajifunze kuhesabu, kucheza na kuzungumza pale pale anapojifunza dini yake, asilazimike kuchagua kimoja.

Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kijiji kinatoa mahali na kamati, na mpango unatoa mafunzo. Walimu walikuwa mabinti na kina mama wa hapo hapo. Vitu vya kuchezea vikatengenezwa kwa vifuu, visoda, makombe ya pwani na vipande vya vitambaa. Sisi mafundi cherehani tunavitupa vipande hivyo kila siku, kumbe ndani yake mna mwanasesere.

Kisha mwaka 2006 Wizara ya Elimu Zanzibar, pamoja na shirika la Education Development Center la Marekani, ikaleta vituo vya Tucheze Tujifunze, ambavyo wengi wetu tunavijua kwa jina la TuTu. Vililenga watoto wasiofikiwa na skuli za maandalizi. Mlezi anachaguliwa na jamii, redio inawekwa katikati, kipindi kinaanza, na watoto wanaimba, wanaruka na kuhesabu pamoja naye. Redio ilisomesha, lakini redio haimfuti mtoto kamasi wala haimbembelezi anayemlilia mama yake. Hiyo ilikuwa kazi ya mlezi.

Tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba tumezoea kusema "anapata thawabu" kisha tukaishia hapo. Thawabu ni za Mwenyezi Mungu kutoa. Sisi tumeambiwa tutoe kwa wema. Binti akijitolea mwaka mzima bila hata nauli, akiolewa au akipata kibarua hotelini ataondoka, na watoto ishirini watarudi kuzagaa mitaani. Hatuwezi kumlaumu.

Madrasa zile zilizoendelea zina siri moja: wazazi walichanga, kamati ikaweka hesabu wazi, na mwalimu akapata posho hata kama ni ndogo. Kujitolea kulianzisha kazi, na mchango ukaidumisha.

Kwa hiyo dada, kama una asubuhi moja kwa wiki, nenda kituo cha mtaani kwako. Osha mikono, kaa mkekani, wasimulie watoto hadithi. Biharusi mtarajiwa, hapo utajifunza mengi ambayo somo wako hatakwambia: namna ya kumnyamazisha mtoto bila kumpiga, na namna ya kumlisha anayekataa. Kama huna wakati, changia posho ya mlezi kila mwezi, au peleka sabuni, uji na vitambaa. Na wewe unayemwacha mwanao pale, usimpite mlezi bila salamu na bila kitu mkononi.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote waliotulea na wanaotulelea, awarehemu waliotangulia, na ajaalie watoto wetu wawe vitulizo vya macho yetu. Aamin.