Rangi ya gari jipya: nilipie kinga au niachane nayo?

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Wiki mbili zilizopita nilikuwa mbele ya meza ya muuza magari hapa Nairobi, kalamu mkononi, karatasi za mkopo zimetandazwa, nikifikiri tumemaliza. Kumbe bado! "Bosi, imebaki kitu kimoja tu," akaniambia. "Kinga ya rangi." Shilingi 85,000. Eti inaingizwa kwenye mkopo, hata sitaisikia.

Nikamwomba siku mbili. Hili ndilo gari langu la kwanza jipya. Miaka yote nimeendesha magari yaliyokwisha kutumika Japani kama Wakenya wengi, na gari la namna hiyo likishuka Mombasa hakuna anayekuuliza habari za kinga. Basi nilifanya ninachofanya nikikuta programu nisiyoielewa: nikaanza kuchimba ilikotoka.

Mwanzoni rangi ya gari ilikuwa ileile ya magari ya farasi: mafuta ya kitani na vanishi, ikipakwa kwa brashi tabaka juu ya tabaka, ikisuguliwa, na kila tabaka likingojwa likauke. Gari moja lingeweza kukaa wiki kadhaa katika chumba cha rangi. Hebu fikiria kiwanda kinachounda gari kwa saa chache kisha kinalingoja kwa wiki! Ford alijipunguzia kazi kwa kuuza Model T nyeusi tupu tangu 1914 hadi 1925.

Mambo yaligeuka 1923, DuPont na General Motors walipotoa Duco, rangi ya nitroselulosi. Huyu ni ndugu wa baruti. DuPont walikuwa watengenezaji wakubwa wa baruti, na vita vilipoisha 1918 walihitaji biashara nyingine. Gari la Oakland la mwaka 1924 lilitoka na buluu ya Duco. Rangi hii ilipuliziwa badala ya kupakwa, ikakauka kwa saa badala ya siku. Kasoro yake ni kwamba jua liliifubaza, na uso wake uligeuka unga mithili ya chaki. Mwenye gari alilazimika kusugua na kupaka waksi kila mara. Simoniz walikuwepo tangu 1910, na Turtle Wax ya Ben Hirsch ikaibuka Chicago miaka ya 1940. Enzi hiyo kinga ilikuwa kinga kweli: usipopaka, gari linafifia.

Mwaka 1959 Kurt Ziebart, fundi wa Detroit, alianza kupulizia dawa ya kuzuia kutu ndani ya bodi, kwa kuwa kule humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Hiyo nayo ilikuwa na maana. Baadaye viwanda vyenyewe vikaanza kuizamisha bodi nzima katika rangi ya msingi inayonaswa kwa umeme, na kutumia mabati yaliyopakwa zinki. Tatizo likapungua sana, lakini huduma ya kuzuia kutu iliendelea kuuzwa palepale, kando ya fomu ya mkopo.

Rangi nayo ilifuata njia hiyohiyo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, na zaidi miaka ya 1980, magari yalianza kupata tabaka angavu juu ya rangi yenyewe, lenye kemikali za kufyonza miale mikali ya jua. Unene wake ni kama mikroni 40 hivi, chini ya unywele mmoja. Yaani kinga unayouziwa dukani tayari imo, imeokwa kiwandani!

Wauzaji nao hawakulala. Wakaja na dawa za kung'arisha zenye Teflon, ile iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938. Kikaangoni hushikizwa kwa moto wa zaidi ya nyuzi 300, na boneti ya gari huwezi kuioka hivyo. Isitoshe, kitu kinachosifiwa kwa kutonata kitanatia wapi kwenye rangi yako? Utani huu wa wauza magari ulishakuwa maarufu kiasi kwamba filamu ya Fargo ya 1996 ina muuzaji anayemsukumia mteja dawa ya aina hiyo asiyoiomba.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Ipo kinga moja ninayoiheshimu: ngozi ya poliurethani inayobandikwa juu ya rangi. Jamaa yake wa kwanza alilinda mapanga ya helikopta za Marekani huko Vietnam dhidi ya mchanga. Unene wake ni mikroni 150 au zaidi, kwa hiyo jiwe linalorushwa na lori likipiga, linapiga plastiki. Zile za kwanza ziligeuka njano kwa jua, za sasa ni afadhali. Seramiki ya maji nayo hufanya maji yateleze na uoshaji uwe rahisi, ila ni nyembamba mno kuzuia jiwe.

Nikauliza: hii ya shilingi 85,000 ni ipi kati ya hizo? Ni dawa ya maji. Dhamana yake inataka gari lirudishwe kukaguliwa kila miezi 6, na kinyesi cha ndege kioshwe ndani ya saa 24. Mke wangu, anayepita mzunguko wa Nyayo kila asubuhi chini ya wale kongoti, akauliza kama nao wamesoma masharti hayo. Swali halali! Juani tabaka angavu hulainika, kinyesi kikikaukia pale kinaacha alama. Lakini ukikiosha ndani ya saa 24, unalipia nini tena?

Kisha nikafungua jedwali la hesabu. Shilingi 85,000 kwa riba ya asilimia 14 kwa miezi 48 ni kama 2,320 kila mwezi, jumla karibu 111,500.

Nilirudi nikakataa. Palepale bei ikashuka hadi 40,000, nami nikakataa tena, safari hii bila wasiwasi wowote. Nimenunua kopo la waksi, na ndoo ya pili ya kuoshea. Mwezi ujao fundi atanibandikia ngozi kwenye bampa ya mbele na ukingo wa boneti, nitamlipa taslimu. Hapo tu, kwa sababu nyumbani kwa wazee wangu kilomita 9 za mwisho ni kokoto, na malori ya mawe hayapunguzi mwendo.