Kabla ya theluji ya Ulaya, kulikuwa na tope la Ulaya

Wadau, kuna mwana mmoja anayejulikana hapa mjini, jina nalihifadhi. Mwezi wa kwanza aliposti pikapu yake ughaibuni, matairi ya nyuma yamezungushiwa cheni, theluji nyeupe kila upande. Akaandika tu: "Ulaya bana." Watu wakamchamba. Eti kafunga gari minyororo lisiibiwe, kama baiskeli ya uswahilini. Kiukweli nami nilicheka.

Mpaka nilipomwonyesha picha ile babu mmoja wa Ulaya. Siyo Ulaya hiyo unayoiwaza. Ulaya yetu, ya wilaya ya Kilosa, ukitoka Mikumi kuelekea Kilosa mjini. Babu huyu ujanani alikuwa utingo. Akaisogeza simu karibu na macho, akasema: "Amefunga vibaya. Upande wa ndani umelegea."

Nikanyamaza. Mzee hajawahi kuiona theluji hata ya Kilimanjaro, cheni kazijulia wapi?

Ngoja turudi nyuma kidogo. Mwaka 1904 Mmarekani mmoja, Harry D. Weed wa jimbo la New York, alipewa hataza ya cheni za kuvalisha matairi. Inasimuliwa kwamba aliona madereva wakizungushia kamba kwenye magurudumu ili wasiteleze, akawaza kwa nini isiwe chuma. Barabara za kwao zamani zile nyingi hazikuwa na lami, hivyo cheni ilipigana na tope sawasawa na theluji. Na kwa sababu ya tope ikafika mpaka kwetu.

Aliyepita tambarare ya Mkata wakati wa masika anajua naongelea nini. Kiangazi ule udongo mweusi unapasuka nyufa mpaka mkono unaingia. Mvua ikinyesha unakuwa kama ugali uliokosa unga, unanata kwenye tairi, tairi linabaki duara laini linalozunguka bure. Injini inalia, gari halisogei.

Sasa tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia. Zambia, iliyokuwa ikipitisha mizigo yake kusini, ikabidi igeukie bandari ya Dar. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kwenda, shaba kurudi, kupitia Morogoro, Mikumi, Iringa mpaka Mbeya, sehemu kubwa ikiwa vumbi na matope. Madereva wa kizungu waliiita njia ile mbio za jehanamu. Bomba la TAZAMA lilipoanza kusukuma mafuta mwaka 1968 likapunguza kidogo, na lami ikaja kukamilika miaka ya 1970 mwanzoni. Mwaka huohuo wa 1968 mbio za magari za Safari zilikutana na mvua za kweli: zaidi ya magari 80 yalianza, yakamaliza 7. Saba tu! Mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Na hao ni watu wenye mafundi na vipuri, siyo pikapu ya duka la kijijini.

Pikapu ya duka ndiyo aliyokuwa akifanyia kazi babu. Land Rover ndefu, bodi wazi nyuma. Walikuwa na gunia la cheni, zito, na tajiri alikuwa halipendi maana nafasi ile ingekaa mzigo wa kulipiwa. Siku moja akaliteremsha. Badala yake akawapa waya wa chuma uliosokotwa, mwepesi, unakunjika chini ya kiti. Akasema ni kitu kilekile.

Haikuwa kitu kilekile. Cheni ina pingili zenye kona. Zinazama kwenye tope, zinang'ata, tairi likizunguka zinacheza na kukung'uta udongo. Waya ni mwembamba na umelala palepale. Mizunguko michache tu tope linaufunika, unakuwa kama haupo.

Jioni ile walibeba mama mjamzito anayepelekwa hospitali Kilosa. Wakanasa kabla giza halijaingia. Walikata matawi, wakachimba kwa mikono, wakasukuma. Waya ukachomoka, ukajisokota kwenye ekseli. Walitoka pale alfajiri, baada ya watu wa kijiji cha mbele kuja na majembe. "Mama alipona," babu alisema. Akakaa kidogo. "Mtoto, hapana."

Ndiyo maana picha ile hakuiona kichekesho.

Sasa kwa mwana wetu wa ughaibuni, na wewe unayejiandaa kuzamia huko. Hizo za madukani zinazoitwa kebo siyo waya wa yule tajiri, zimetengenezwa kwa kazi hiyo, zina vipande vya chuma vilivyovalishwa. Kwenye theluji ndogo zinafaa, na kuna magari hayana nafasi kati ya tairi na madigadi, ukiweka cheni nene itakata mpira wa breki. Kitabu cha gari kinasema lipi lako, kisome. Lakini pikapu yenye nafasi, inayobeba mzigo na kupanda milima yenye barafu, mimi ningechukua cheni, uzito wake nikauvumilia. Kama inavutwa na matairi ya nyuma, unafunga nyuma, na bodi tupu uiwekee uzito juu ya ekseli. Milima ya Alps kuna kibao cha bluu chenye picha ya tairi lenye cheni, ukikiona siyo ombi. Usizidishe kilomita 50 kwa saa, na ukifika lami kavu vua, zitakula tairi na barabara.

Nilimuuliza babu nimwambie nini huyo jamaa. Akasema: "Asogee hatua mia, ashuke, akaze tena. Aanze na ndani." Halafu akauliza kama nyuma ya pikapu ile huwa anabeba watu.

Nimemtumia ujumbe. Ameusoma, bado hajajibu.