Mafiga na Miche: Mwanamke katika Vita vya Kuzuia Jangwa

Msafiri atokaye Bagamoyo kuelekea magharibi hufika Msata, penye njia panda, akaikuta barabara kuu iendayo Chalinze na Segera. Nchi hii ya Wakwere si jangwa. Vuli na masika huinyeshea. Kwa nini basi tuzungumzie jangwa hapa? Kwa sababu jangwa si mchanga utembeao kutoka mbali. Jangwa huanza pale mti unapokatwa pasipo kuachwa mwingine ukue, udongo ukachukuliwa na mvua, na kisima kikakauka mapema kuliko kilivyozoea.

Mwanzo huo hutambuliwa kwanza na mwanamke. Tangu zamani kazi ya kuni, maji na chungu imewekwa mabegani mwake. Msitu ukirudi nyuma hatua mia, ni miguu yake iendayo hatua hizo. Lakini shoka liangushalo miti kwa ajili ya tanuri la mkaa, aghalabu li mkononi mwa mwanamume, na mkaa wenyewe huenda mjini. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Dar es Salaam peke yake ilitumia karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania. Si haki, basi, kumlaumu mama wa kijijini kwa mzigo wake wa kuni kavu.

Taifa letu liliingia katika vita hivi mapema. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu za Kondoa zilizomomonyoka. Mwaka 1986 ukafuata mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Huko miti mingi ilikuwa imefyekwa wakati wa ukoloni ili kumwangamiza mbung'o. Wananchi walihimizwa kufufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho ili yapumzike. Miti ilipochipua tena, kuni na dawa zilisogea karibu na nyumba, na safari ya mama ikafupika.

Jirani zetu wa Kenya walianzia kwa mama mwenyewe. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba jijini Nairobi. Kutoka hapo wanawake wa vijijini waliotesha vitalu vyao, wakalipwa fedha kidogo kwa kila mche uliopona. Hapo pana hekima: hakulipwa apandaye, alilipwa atunzaye. Mwaka 2004 Maathai alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipokea.

Hata hivyo, mti ni mradi wa miaka mingi, na apandaye hana budi kuwa na hakika kwamba atakaa kivulini mwake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Aidha, iliagiza kwamba katika wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, watatu wawe wanawake. Wakwere, ambao kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, wasione neno hilo kuwa geni.

Walimu na wanafunzi, shule ina jembe na ina kitalu. Tuoteshe miche, lakini tujifunze pia kuuliza, kila kikao cha kijiji kinapogawa ardhi, mama aijuaye njia ya kuni ameketi wapi.