Makaburi ya Vita ya Ngong Road na Waliozama na Khedive Ismail

Mkazi wa Kawangware akishuka Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, kisha akaishika Ngong Road kuelekea Karen, hafiki mbali kabla ya kuyakuta Makaburi ya Vita ya Nairobi. Matatu za 111 hupita hapo kutwa. Abiria huona miti na nyasi iliyokatwa vizuri, na wengi huamini kwamba ni mahali pa Wazungu waliokufa zamani. Ukweli ni kwamba humo mmeandikwa majina ya vijana wa Afrika Mashariki kwa mamia, na wengi wa hao hawana kaburi popote, kwa kuwa waliangamia katika Bahari ya Hindi alasiri moja ya Februari 1944.

Makaburi haya yalifunguliwa na jeshi mwaka 1941. Wakati huo Nairobi ilikuwa kituo kikuu cha vita dhidi ya Waitaliano: vikosi vilipangwa hapa kabla ya kupelekwa Somalia na Uhabeshi, na majeruhi walirudishwa hapa kutibiwa. Waliofia hospitalini na kambini walizikwa Ngong Road. Leo mna makaburi zaidi ya 1,900 ya Vita vya Pili vya Dunia, yakitunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo iliundwa mwaka 1917 kwa juhudi za Mwingereza Fabian Ware, na hadi 1960 ilijulikana kama Tume ya Kifalme. Kanuni yake iliyotangazwa tangu mwanzo ni kwamba kila aliyekufa vitani akumbukwe kwa jina, awe jenerali au askari wa kawaida, na jiwe la mmoja lisizidi la mwingine.

Ndani ya eneo hilo hilo kuna kumbukumbu mbili za wasio na makaburi. Ile inayoitwa Kumbukumbu ya Nairobi ni ya askari waliokufa Kenya wakiwa mafunzoni au kwenye ulinzi. Nyingine, Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, ni ya waliopotea Somalia, Uhabeshi na Madagaska, pamoja na wale wa meli Khedive Ismail.

Meli hiyo haikuundwa kwa ajili ya vita. Ilijengwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1922, ikachukua abiria wa Chile kwa jina la Aconcagua. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri na kupewa jina la Ismail, mtawala wa Misri wa karne ya 19. Waingereza waliichukua mwaka 1940 wakaifanya meli ya kusafirisha askari.

Mombasa nayo ilikuwa imekwisha kuguswa na vita vya Wajapani. Mwezi Aprili 1942, ndege zao ziliposhambulia Colombo na kuizamisha manowari Hermes karibu na Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, Waingereza waliirudisha sehemu kubwa ya manowari zao Kilindini, bandari ya Mombasa. Hata wataalamu wa kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani walihamishiwa Mombasa, wakafanyia kazi katika jengo la shule. Kufikia 1944 mambo yalikuwa yamegeuka. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa tayari Ceylon ikijiandaa kwenda Burma, na ilihitaji mizinga. Basi mwanzoni mwa Februari msafara wa meli tano ukaondoka Kilindini kwenda Colombo. Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, askari Waafrika na maofisa wao. Waliobaki walikuwa mabaharia, wauguzi, wanawake wengine wa huduma za jeshi, na mwandishi wa habari Kenneth Gandar-Dower, ambaye alikuwa ameandika juu ya vita vya KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) nchini Madagaska.

Jumamosi, tarehe 12 Februari, msafara ulikuwa kusini-magharibi mwa visiwa vya Maldives. Bahari ilikuwa shwari. Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha, na katika ukumbi wa meli baadhi ya abiria walikuwa wamekaa wakisikiliza muziki. Askari wengi Waafrika walikuwa sitaha za chini, ambako ndiko walikopangiwa kulala. Kitu kama saa nane na nusu, nyambizi ya Kijapani I-27 ilirusha makombora yake ya chini ya maji, na mawili yakaipata Khedive Ismail. Meli ililala ubavu, ikakatika, ikazama katika muda wa dakika mbili hivi. Aliyekuwa chini hakuwa na muda hata wa kuifikia ngazi.

Kilichofuata ni kigumu kukisimulia, lakini hakifai kuachwa. Nyambizi ilikwenda kujificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari za ulinzi Petard na Paladin zilikuwa na meli nyingine nne zilizojaa askari za kuzilinda, na nyambizi ikiachwa ingeweza kushambulia tena. Zikaangusha mabomu ya kulipukia kinani, na manusura wangali majini. I-27 ililazimika kuibuka, na baada ya mapigano marefu Petard ikaizamisha. Walioamua walikuwa na hesabu yao, na sidhani kama kulikuwa na uamuzi mwepesi saa ile. Waliolipa gharama, hata hivyo, walikuwa wale waliokwisha kuokoka mara moja.

Waliokufa ni 1,297. Waliookolewa ni 214: wanaume 208 na wanawake sita. Ni miongoni mwa maafa makubwa kabisa ya meli za Washirika katika vita vile, na kwa askari wa Afrika Mashariki sijui siku nyingine ya baharini inayolingana nayo. Pamoja na hayo, waulize wanafunzi wa hapa kwetu. Watakutajia Pearl Harbor kabla hawajaitaja Khedive Ismail.

Kwamba majina yao yameandikwa si jambo dogo. Waliotangulia, wapagazi na askari wa Vita vya Kwanza, hawakuipata heshima hiyo. Sanamu iliyosimamishwa Kenyatta Avenue mwaka 1928 inawaonyesha, lakini haina jina hata moja la mpagazi. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Kanuni ya usawa ilikuwapo kwenye karatasi. Wakubwa wa serikali ya kikoloni waliamua kwamba Mwafrika hahitaji jina kwenye jiwe. Ukiyasoma majina ya Rejimenti ya 301 huku unajua habari hiyo, kila herufi ina uzito wake.

Nao majirani wa makaburi haya si wageni kwa mambo ya jeshi. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa KAR, Keya kama walivyoitwa na wazee, na mwaka 1918 eneo la ekari zaidi ya 4,000 lilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi. Wajukuu wa askari hao walisubiri hadi 2017 kupewa hati ya ekari 288. Kati ya Kibera na Kawangware zimo familia nyingi ambazo babu zao walivaa sare ile ile, na watoto wao hupita Ngong Road kila siku kwenda shule.

Kila Novemba mabalozi, wanajeshi na wazee waliopigana hukusanyika hapa kuweka mashada. Ni desturi njema, na idumu. Lakini Novemba ni tarehe ya Ulaya, ya kusimamishwa kwa vita vya 1918. Tarehe yetu ni 12 Februari. Shule za Dagoretti na Kibera zingeweza kuleta darasa moja tu siku hiyo, watoto wakayasoma majina kwa sauti, yakatamkwa na ndimi zinazojua kuyatamka.

Na kama kwenu kuna babu aliyekwenda Keya akapotea baharini, mtafuteni. Orodha ya Tume iko wazi mtandaoni, na kuisoma ni bure. Jaribuni jina kwa tahajia zaidi ya moja, kwa sababu makarani wa jeshi waliandika walivyosikia. Mkilipata, nendeni Ngong Road mkalione.