Tingatinga Alikuwa Mtu

Safari yangu ya mwisho kwenda Kanga, kule kaskazini ya Kisiwa cha Mafia, nilibeba kwenye flashi sinema moja kongwe iitwayo Lust for Life. Ni ya mwaka 1956, na ndani yake Kirk Douglas anaigiza kama Vincent van Gogh, mchoraji wa Kiholanzi. Tuliitazama usiku barazani kwa mjomba, vijana saba na mzee mmoja, tumebanana mbele ya kompyuta ndogo. Mimi ndiye niliyekuwa mtafsiri, maana sinema yenyewe haina kareti wala magari ya kufukuzana. Ukikosa maneno umekosa yote.

Nilidhani watasinzia. Wapi! Van Gogh alipojikata sikio, kijana mmoja akasema, "Huyu bwana kachanganyikiwa." Alipojipiga risasi kondeni, baraza zima likawa kimya. Kisha yule mzee, ambaye ujanani alikuwa fundi wa kupaka rangi mashua, akaniuliza: "Sasa mwanangu, na sisi wetu ni nani?"

Nikajibu harakaharaka, "Tingatinga, babu."

Mtoto wa mjomba akaangua kicheko. "Tingatinga lipi? La kuchongea barabara?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipokwenda kulala kicheko kile kilinikaa rohoni. Yule mtoto hakukosea. Katika lugha yetu tingatinga ni mtambo, tena ni aina ya picha zinazouzwa kwa watalii. Kwamba ni jina la mtu aliyezaliwa, akala, akaoa, akafa, hilo limetutoka.

Basi tumkumbuke. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa nchi. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, alikwenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Baadaye akaingia Dar es Salaam, akafanya kazi za vibarua na za utumishi majumbani mwa Wazungu. Shule ya uchoraji hakuikanyaga. Alipoanza kuchora, yapata mwaka 1968, hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za Ulaya. Alichukua hadibodi, zile mbao nyembamba za kupigia dari, akazichora kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Kwanza alipaka mbao yote rangi moja, kisha juu yake akamweka chui, au tembo, au ndege mwenye shingo ndefu, akamjaza madoa. Akaziuza pale Morogoro Stores, Oyster Bay, walikopita wageni wenye fedha.

Wateja walipozidi aliwaita ndugu na jamaa, akawafundisha: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Abdallah Ajaba. Halafu mwaka 1972, usiku, akiwa ndani ya gari jijini Dar es Salaam, polisi walidhani gari lile ni la wezi. Wakapiga risasi. Tingatinga akafa, umri wake miaka 40 hivi, na kazi yake ya uchoraji haijatimiza hata miaka mitano.

Hebu linganisha. Van Gogh alichora kwa miaka kumi tu, akafa kwa risasi mwaka 1890 akiwa na miaka 37. Huyu naye risasi. Huyu naye muda mfupi. Lakini Van Gogh ametengenezewa sinema chungu nzima, hadi ile Loving Vincent ya mwaka 2017, ambayo picha zake zipatazo 65,000 zilichorwa moja moja kwa rangi ya mafuta na wachoraji zaidi ya 100. Frida Kahlo wa Mexico naye alipata yake mwaka 2002, Salma Hayek akamwigiza, tukaliona lile basi lililomvunja mifupa mwaka 1925 na kitanda alichochoria.

Na Tingatinga? Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kuona kwenye televisheni katuni zinazoitwa Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi. Ni hadithi za wanyama wetu: kwa nini tembo ana mkonga, na nyinginezo. Katuni ni nzuri, sibishi. Chui anatembea, madoa yanacheza. Lakini angalia jambo lenyewe lilivyopinduka: Van Gogh sinema inamwonyesha mtu, na picha zinamfuata nyuma; kwetu picha zimetembea dunia nzima, mtu kabaki Dar es Salaam kaburini.

Mtu ataniambia, basi tutengeneze Lust for Life yetu. Ngoja kwanza. Sinema za namna ile zina mazoea yake: msanii ni mpweke, ana wazimu, hanunuliwi, dunia inamtambua akishakufa. Tukimvika Tingatinga kanzu hiyo itampwaya. Yeye alikuwa mtu wa soko. Picha aliiuza ingali inanukia rangi. Hakuwa peke yake. Alizungukwa na jamaa, na ndiyo sababu alipokufa kazi haikufa. Wanafunzi waliendelea, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Van Gogh hakuacha kundi la wanafunzi kama hilo. Hiyo ndiyo hadithi yetu, tena ni kubwa.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa Mfaransa Clouzot, aliyetoa Le Mystère Picasso mwaka 1956. Aliiweka kamera nyuma ya karatasi, Picasso akachora upande wa pili, wino ukapenya, nasi tunauona mstari ukizaliwa. Hakuna mwigizaji, hakuna wazimu. Kuna mkono unaofanya kazi. Mkono wa Tingatinga hatuwezi kuupata tena, lakini mikono iliyofundishwa na ile aliyoifundisha yeye ingali ikichora Dar es Salaam.

Kwa hiyo nawaambia waandishi wenzangu: msingoje kamera. Sinema ya Kirk Douglas ilitoka kwenye kitabu cha Irving Stone cha mwaka 1934. Kitabu kwanza, sinema baadaye, na katikati ni miaka 22. Daftari na kalamu haviombi ufadhili. Mzee anayekumbuka bei ya kopo la rangi mwaka 1970 hatatungoja milele.

Kesho yake asubuhi niliwasimulia haya pale barazani. Yule mzee akatikisa kichwa. "Rangi ya kung'aa naijua," akasema, "ukiharakisha inachuruzika." Na yule mtoto aliyecheka akaniuliza, "Kaka, Tunduru ni mbali na hapa?"